Usiipitishie Msasa

Novemba 2014, mwanaakiolojia wa Hifadhi ya Taifa ya Great Basin, katika jimbo la Nevada, alikuta bunduki imeegemezwa kwenye mti wa juniperi, mti wa ukoo mmoja na mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya. Ilikuwa Winchester ya modeli ya 1873. Kitako kilikuwa kimefukiwa na udongo, mbao zimepauka na kupasuka hadi zikafanana na gome la mti wenyewe, na chuma kimegeuka kahawia. Namba ya kiwanda ilionyesha kuwa ilitengenezwa 1882. Nani aliiegemeza pale, na kwa nini hakurudi kuichukua, hakuna ajuaye.

Ilipelekwa kwenye makumbusho ya silaha mjini Cody, Wyoming, ikapigwa eksirei katika hospitali ya mji huo, na ndani ya kitako, kwenye tundu la kuwekea fimbo ya kusafishia, ikaonekana risasi moja. Kisha wataalamu wakaifanyia kazi ndogo tu: waliimarisha mbao zisiendelee kumeguka. Hawakuing'arisha. Uamuzi huo ndio ulionipa mjadala huu.

Sauti ni tatu, na nimezibuni mimi, ila mambo yanayotajwa humu ni ya kweli. Mjomba ni Mtanzania aliyehamia Colorado zamani, dereva wa malori, mwenye bunduki chache kuukuu ukutani. Shemeji ni kaka wa mkewe, fundi wa magari. Mpwa ni binti wa dada ya Mjomba, anasoma historia chuo kikuu, na bunduki hazipendi. Pale niliposhindwa kunyamaza nimeingia mwenyewe.

SHEMEJI: Naanza mimi maana mimi ndiye fundi. Shemeji, umetoa pesa zako halali, ukanunua bunduki, halafu unaitundika na kutu yake! Nipe wiki mbili. Mtutu naurudishia ile rangi ya bluu iliyotoka nayo kiwandani, kitako nakipiga msasa, nakipaka mafuta ya kitani. Land Rover ngapi nimezifufua zilizokuwa zimegeuzwa banda la kuku? Hakuna mwenye gari aliyenilaumu.

MJOMBA: Gari unalifufua litembee. Hii haiendi popote. Hebu ichukue. Siyo hivyo, ichukue kwa mkono mmoja, kama mtu anayetembea nayo. Haya, vidole vimetua wapi?

SHEMEJI: Hapa chini, mbele kidogo ya wenzo.

MJOMBA: Ndipo penye mizani yake. Sasa tazama rangi ya chuma hapo ulipoishika. Kwingine kote ni kahawia. Hapo pamekwanguka, pameng'aa. Kila aliyeimiliki aliibeba kwa pahala hapo, na kiganja kikala rangi kidogo kidogo. Sasa igeuze. Mbao hizi zilizo chini ya mtutu, pitisha kidole. Umesikia bonde? Hapo ndipo ilipolala juu ya tandiko, mbele ya mpandaji. Farasi anatembea, bunduki inasugua, msimu kwa msimu. Ukilichukua bonde hilo ukalisawazisha kwa msasa, umemfuta mtu.

SHEMEJI: Mtu gani? Hata jina lake hulijui.

MPWA: Hapo amekushika, Mjomba.

MJOMBA: Jina silijui, lakini najua alifanya kazi juu ya farasi. Najua pia hakuwa na pesa ya kuchezea, kwa sababu kile kidude cha kulengea shabaha kwenye ncha ya mtutu kilipong'oka hakuagiza kingine. Alikata kipande cha sarafu ya fedha, akakitia tupa, akakipachika. Kipo mpaka leo, tena kimekaa upande kidogo. Inawezekana alijua bunduki yake inapiga kushoto, akairekebisha hivyo. Wewe ungekinyoosha.

SHEMEJI: Ningekinyoosha, ndiyo.

MJOMBA: Basi ningekufukuza humu ndani na chai yako.

Niseme jambo moja kuhusu bei, maana wenye biashara hii huanzia hapo. Vitabu vya bei vya Marekani hupima bunduki ya zamani kwa asilimia ya rangi ya kiwandani iliyobaki. Ikibaki rangi nyingi, bei inapaa; ikiisha, bei inashuka. Kwa hiyo bunduki iliyolala sandukuni tangu iliponunuliwa, ambayo haikuwahi kulowana wala kubebwa na yeyote, ndiyo hununuliwa kwa fedha nyingi zaidi. Iliyofanya kazi huachiwa madereva wa malori. Naona ni kipimo cha ajabu kwa watu wanaosema wanakusanya historia. Lakini kipimo hichohicho kinampiga Shemeji: rangi mpya haihesabiwi kuwa rangi. Bunduki kuukuu iliyopakwa upya hupoteza thamani mbele ya mtaalamu, hata ikiwa imefanyiwa kazi nzuri kiasi gani.

SHEMEJI: Haya, tuseme uchakavu ni mzuri. Lakini hizi Winchester za 1873, kama hii yako, si ndizo walizotengeneza kama maandazi? Ina uadimu gani?

MJOMBA: Zaidi ya 700,000. Mwenye kiwanda, Oliver Winchester, alianza na biashara ya mashati, akaingia kwenye bunduki na akili ya mtu wa mashati: tengeneza nyingi, uza kwa kila mtu. Modeli hii ilipotoka iliuzwa dola 50 hivi. Kufikia 1882 bei ilikuwa imeshuka hadi dola 25. Mchunga ng'ombe aliweza kuimudu, na mwenye duka, na mkulima. Ndiyo maana naipenda. Hizo adimu zipo: walizipa jina la "Moja kati ya Elfu", mitutu iliyopiga vizuri kuliko mingine, kwa dola 100. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 130 tu katika modeli hii. Mwaka 1950 Universal walitoa filamu ya James Stewart iliyozunguka bunduki ya aina hiyo, wakatangaza nchi nzima kuwatafuta waliobaki nazo. Watu wakapanda darini kuchakura. Hizo ni za matajiri, wala siwaonei wivu.

MPWA: Unawaonea kidogo.

MJOMBA: Kidogo.

MPWA: Tuache bei. Nina swali, na naomba Mjomba usinijibu kwa utani. Hadithi ya yule mpandaji wako, na bonde lake, na sarafu yake, ni tamu mno. Utamu wake unatoka wapi? Kiwanda chenyewe kiliwahi kujitangaza kuwa ndicho kilichotengeneza bunduki iliyoshinda Magharibi. Ilimshinda nani? Nchi ile ilikuwa na watu. Lakota, Cheyenne, Apache, Nez Perce. Bunduki nzito kama za Sharps ndizo zilizomaliza nyati wa tambarare katika miaka ya 1870, mamilioni, wakachunwa ngozi na nyama ikaachwa ioze. Nyati walipokwisha, watu waliowategemea wakabaki wakingoja mgawo wa serikali. Nawe unanionyesha jinsi kiganja kilivyong'arisha chuma.

MJOMBA: Sikatai hata neno moja.

MPWA: Najua hukatai. Hukatai, halafu unaendelea kukusanya.

SHEMEJI: Binti, lakini mjomba wako si mlowezi. Na wachunga ng'ombe weusi walikuwapo. Hata yule Nat Love, aliyezaliwa mtumwa Tennessee, akaandika maisha yake mwaka 1907. Picha yake na bunduki kila mtu anaijua.

MPWA: Namjua, anko. Nawajua na wale wapanda farasi wa vikosi vya 9 na 10, askari weusi walioandikishwa kuanzia 1866, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa. Walitumwa kupigana na nani? Na wenyeji hao hao. Kuwa na ngozi kama yetu hakumtoi mtu kwenye hesabu. Na mjue bunduki haikuwa ya kila mtu, hata ilipouzwa dola 25. Tarehe 29 Desemba 1890, kule Wounded Knee, jeshi liliwazunguka Lakota kuwanyang'anya silaha. Wakapekua mahema, wakapekua hadi kwenye nguo za wanawake. Katika kunyang'anyana bunduki moja ikalia, na jeshi likamimina moto. Waliouawa ni zaidi ya 200, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka huohuo, mwezi Julai, mataifa yalitia saini mkataba Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika, tangu latitudo ya 20 kaskazini mpaka ya 22 kusini. Zanzibar nayo imo katika waliotia saini. Zilizoachiwa mlango ni gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Kwa hiyo ukinitajia bunduki ya mwaka 1890, mimi huuliza kwanza: nani aliruhusiwa kuwa nayo?

Hapa nilitaka kumpa Mjomba jibu, nikaona sina jibu bora kuliko lake.

MJOMBA: Mpwa wangu, njoo huku kwenye ukuta wa pili. Hii sijakuonyesha kwa sababu nilijua utaniuliza maswali haya haya. Ni ya modeli ya 1866, ile ya fremu ya shaba. Tazama shingo ya kitako. Ilivunjika, ikavishwa ngozi mbichi ya mnyama ikiwa imelowa, ikashonwa, ikakauka yenyewe. Ngozi mbichi ikikauka hukaza kuliko kamba yoyote. Mtu wa tambarare aliijua kazi hii vizuri sana. Na hizi njugumawe za shaba kwenye kitako ni misumari ya mapambo, iliyoletwa na wafanyabiashara, ikapigwa kwa mpangilio.

MPWA: Na uliuziwa pamoja na hadithi gani?

MJOMBA: Kwamba ilikuwa ya mpiganaji wa Little Bighorn. Aliyeniuzia alikuwa na barua ya babu yake.

MPWA: Umeiamini?

MJOMBA: Nimenunua bunduki, barua nilipewa bure. Wenzangu wana usemi wao: nunua bunduki, usinunue hadithi. Misumari hii ndiyo inayoghushiwa kuliko kitu chochote. Mtu anachukua Winchester ya kawaida, anaigongea misumari jioni moja, bei inapanda mara kadhaa. Kwa hiyo niliitazama. Ya zamani iliyeyushwa kwa shaba, kichwa na mguu kitu kimoja, na mguu una pembe nne. Ya dukani siku hizi ni kofia nyembamba juu ya waya wa chuma wa mviringo. Mmoja umelegea hapa, uchomoe taratibu. Mguu una pembe?

SHEMEJI: Una pembe. Na tundu lake ni jeusi ndani. Mbao mpya isingekuwa na weusi wa namna hii.

MJOMBA: Na vichwa vyenyewe?

SHEMEJI: Vya upande huu vimelika, karibu viwe bapa. Vya upande ule bado vina duara. Mkono ulipita hapa.

MJOMBA: Unaona sasa umeanza kusoma. Uchakavu wa kughushi huwa umeenea sawasawa, kwa sababu mwenye tindikali na brashi ana haraka. Uchakavu wa kweli una upande. Unakaa pale mkono ulipofika, unakwepa pale ambapo mkono haukufika. Penye pembe ya chuma iliyojificha nyuma ya nyundo, rangi ya bluu inabaki hata baada ya miaka 140. Ukiona pamekwanguliwa na pale, mrudishie mwenyewe.

MPWA: Bado hujanijibu. Umenithibitishia ni ya zamani, na kwamba aliyeitumia aliitengeneza kwa ufundi wa kwao. Hukuthibitisha Little Bighorn.

MJOMBA: Wala sitathubutu. Lakini nikueleze kwa nini shemeji yangu haigusi hii hata kwa kitambaa. Vita vile vilikuwa Montana, tarehe 25 Juni 1876. Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, aliangamia mbele ya Lakota na Cheyenne pamoja na watu wake zaidi ya 200. Kwa zaidi ya miaka 100 kila mtu alisimulia anavyotaka. Agosti 1983 moto ukateketeza nyasi za uwanja wa mapigano, ardhi ikabaki tupu. Mwaka 1984 na 1985 wanaakiolojia wakaingia na vyombo vya kutambua chuma. Kila ganda la risasi wakaliwekea bendera, wakaandika lilipolala. Halafu wakayapeleka maganda kwenye darubini, kama polisi wanavyofanya. Unajua kwa nini?

SHEMEJI: Ile pini inayogonga kitako cha risasi. Kila pini inaacha alama yake.

MJOMBA: Sema tena, mpwa wangu asikie.

SHEMEJI: Hata mbili zilizotoka siku moja kiwandani, zikishatumika zinatofautiana. Ncha inalika, inapata mkwaruzo, inakaa kando kidogo. Alama inayopigwa kwenye ganda ni yake peke yake.

MJOMBA: Kwa hiyo waliweza kuifuata bunduki moja uwanjani. Ganda hapa, ganda kule, alama ileile: mtu huyu alipiga risasi akiwa kwenye kilima hiki, akateremka, akapiga tena kule bondeni. Ilithibitika kuwa Lakota na Cheyenne wengi walikuwa na Henry na Winchester za kufyatua mfululizo, wakati askari walikuwa na Springfield, unaweka risasi moja, unapiga, unaweka nyingine. Wenyeji walikuwa wamesimulia hivyo siku zote kwamba walipigana vizuri na kwa silaha nzuri. Na kuna bunduki chache zilizokuwa mikononi mwa wakusanyaji, zikafyatuliwa kwa majaribio, alama zikalingana na maganda ya uwanjani. Sasa fikiria mmoja wa wakusanyaji hao angekuwa na shemeji fundi.

SHEMEJI: Ningebadilisha pini.

MJOMBA: Ungebadilisha pini.

SHEMEJI: Kitu cha kwanza kabisa. Maana ndicho kinacholika.

Nimemwacha anyamaze kidogo, kwa sababu kwangu mimi jambo lote liko hapo. Nilidhani, kabla ya kusoma habari za uwanja ule, kwamba kupenda bunduki chakavu ni suala la ladha, kama kupenda nyumba ya udongo kuliko ya bati. Siyo. Kipande kile kilicholika kupita vyote, ambacho fundi yeyote mwenye akili angekitupa, ndicho kilichobeba ushahidi. Na ushahidi huo haukumsaidia mlowezi. Uliwathibitishia wajukuu wa Lakota na Cheyenne maneno ya babu zao.

MPWA: Hapo nakubali, ila si kwa sababu unayoitaka, Mjomba. Wewe unasema uchakavu ni mzuri. Mimi nasema katika vitabu vya kiwanda vilivyohifadhiwa Cody utakuta siku bunduki ilipotoka ghalani, na urefu wa mtutu, na aina ya kitako. Hata hii ya Nevada, vitabu vilisema 1882, havikusema ilikwenda kwa nani. Aliyevisha ngozi shingo ya hii hakuandikwa na mtu yeyote. Alichokiandika yeye mwenyewe ndicho hiki. Basi haki yake ni kubwa kuliko ya mpandaji wako wa sarafu, kwa sababu huyo walau anaweza kuwa na kaburi lenye jina.

MJOMBA: Unataka nifanye nini?

MPWA: Kwanza ile barua ya babu, usiiweke fremu pembeni yake. Mtu akiingia humu anaisoma kabla hajaitazama bunduki. Pili, andika kwenye daftari lako unachokijua peke yake: modeli, namba, ngozi mbichi, misumari ya pembe nne. Penye jina la mwenyewe acha wazi. Na siku ikibainika ilichukuliwa kwa kunyang'anywa, itakuwaje?

MJOMBA: Makumbusho yanayopokea fedha za serikali yana sheria ya mwaka 1990, ya kurudisha mabaki ya watu na vitu vitakatifu kwa makabila. Mimi ni mtu binafsi. Hainishiki.

MPWA: Sikuulizi sheria.

MJOMBA: Najua huniulizi sheria. Ikibainika, nitawatafuta wenyewe. Lakini ikikaa hapa bila kuguswa, ndipo itabainika. Ikipigwa msasa haitabainika kamwe.

SHEMEJI: Sawa, nimeshindwa kwenye hii ya ngozi. Ile ya sarafu je? Springi yake ya nyundo imevunjika, naisikia inacheza. Nayo niiache?

MJOMBA: Springi weka mpya. Ya zamani tia kwenye mfuko, andika namba ya bunduki, uufunge mfuko pamoja nayo. Atakayekuja baada yangu akitaka kuirudisha, airudishe. Usiguse pini.

SHEMEJI: Na kutu? Hapa kwenye mtutu kuna nyekundu inayochafua kidole.

MJOMBA: Hiyo bado inakula. Tone la mafuta, liache usiku, asubuhi futa kwa kitambaa laini, siyo waya. Ile ya kahawia iliyotulia, isiyotoka kwenye kidole, iache. Halafu nta nyembamba juu.

SHEMEJI: Basi wiki mbili zangu zimekuwa nusu saa.

MPWA: Na huo msumari wa shaba ulio mkononi mwako, anko. Urudishe kwenye tundu lake kabla hujautia kwenye mfuko wa shati.